Malewa ya Afande

Tangu shule ifunguliwe mnaniuliza kwa nini sikio langu la kushoto lilivimba kama andazi, na kila mmoja amekuja na jibu lake. Yupo aliyesema nilizabwa kofi na nyani. Yupo aliyesema nilizabwa na Baba, na huyo alikaribia. Naandika mara moja ili mdomo wangu upumzike. Ngeli nimezinyoosha kadiri nilivyoweza, lakini watu nimewaacha wazungumze walivyozungumza. Mwalimu akiona makosa asinitafute mimi, amtafute Anko Mafabi.

Kimaka, kabla ya gari kuwashwa

Baba yangu ni sajenti. Kambi nzima ya Kimaka inamwita Afande, hata Mama, akiwa amekasirika. Zamani Baba alikuwa na maneno mawili aliyoyapenda kuliko sala: "Natembea kidogo." Alichukua kofia yake ya kijani msumarini, akasema natembea kidogo, na matembezi yakaishia kwenye chungu cha malwa. Malwa mnaijua, ile pombe ya ulezi ambayo wazee hukizunguka chungu chake na kuifyonza kwa mirija mirefu, kama mbu waliostaafu. Kwenda alikwenda kwa miguu yake. Kurudi alirudi kwa miguu ya wengine.

Siku alipomsahau dada yangu mdogo sokoni, Mama hakupiga kelele. Alitoa begi chini ya kitanda, akaliweka mlangoni, akasema: "Ukirudi kwenye chungu, mimi narudi Gulu kwa mama yangu." Baba akaacha. Siku ileile kofia ikapotea. Mama alisema imeliwa na panya. Begi likarudi chini ya kitanda, lakini mdomo wake uliachwa nje, uonekane.

Basi likizoni nikamsikia Baba kwenye simu. Sikio lake moja liliharibiwa na milio ya risasi mazoezini, kwa hiyo simu yake hulia kama redio ya kinyozi. Upande wa pili alikuwa Anko Mafabi, Mugisu wa huko Mlima Elgon aliyekuwa naye jeshini, ambaye siku hizi anaendesha lori lake mwenyewe.

"Afande! Malewa ya sasa iko tamu kupita ya ile mwaka ingine!"

"Wacha kunidanganya, wewe."

"Haki ya Mungu. Mama yangu anakungoja. Utachukua mpaka ushindwe kutembea!"

Sasa Anko Mafabi ni mtu ambaye kwake mtoto ni mutoto na mlima ni mulima, irabu zikijiingilia tu kama lango halina mlinzi. Akiongeza irabu moja kwenye malwa, nani atashangaa? Halafu sikilizeni neno lenyewe: ma-lewa. Limeshalewa kabla hujalionja.

Jioni Baba akamwambia Mama, "Wiki hii natembea kidogo."

Kijiko cha Mama kikasimama ndani ya sufuria. "Wapi?"

"Msituni. Mlima Elgon. Kuangalia miti."

"Miti."

"Ndiyo, miti."

"Jinja hii yote umekosa mti?"

Baba akaangalia paa. Mama akaniita nyuma ya jiko. "Otim, utaenda naye. Ukiona chungu, niandikie 'mvua'. Usipoona kitu, niandikie 'jua'. Yeye akisoma simu yako atadhani tunaongea mambo ya hewa."

"Na mvua ya kweli ikinyesha?"

"Usinifanyie komedi. Sitamngoja mtu alewe mara ya pili mbele ya mtoto wangu wa kike."

Hapo nikaelewa kwamba nimepewa begi lile nilibebe kichwani, likiwa tupu bado.

Jinja hadi Busiu, kwa njia ya mzunguko

Kwanza nilishuku lori. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na mitungi ya plastiki ya manjano, yote mitupu, ikigongana kama meno ya mtu mwenye homa. Mitungi mitupu hupelekwa wapi, kama si mahali inakojazwa?

Halafu nikashuku barabara. Tulipofika Iganga, kila mwenye akili anayekwenda Mbale anashika njia ya Tirinyi. Anko Mafabi akanyoosha, akashika ya Tororo.

"Anko, Mbale si kushoto?"

"Kushoto ni Mbale. Mbele pia ni Mbale. Afande, hii mutoto yako ni polisi?"

"Ni mwanafunzi," Baba akasema. "Lakini mwaka huu jografia ilimshinda."

Walicheka wote wawili. Nikaandika moyoni: wanacheka sana kwa watu wanaokwenda kuona miti.

Busiu tairi likatoa pumzi. Lilitoa taratibu, kwa heshima, mbele kabisa ya mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, nikashuku hata tairi. Ilibainika kwamba Anko Mafabi alikuwa na mzigo wa kushusha hapo, mabati ya binamu yake, na ndiyo sababu ya mzunguko. Binamu mwenyewe alikuwa mazishini na ufunguo wa stoo alikuwa nao mfukoni. Tukangoja. Nilikula mahindi, nikala ndizi za kuchoma, nikala chapati iliyoviringishwa na mayai, na kila mara Baba aliponyanyuka nami nilinyanyuka.

"Unanifuata wapi?"

"Natembea kidogo," nikamwambia.

Hakucheka. Akaingia msalani. Nikamngoja nje ya mlango kama askari wa rais.

Namatala, kwa shangazi wa mitungi

Mbale tulifika jua likiwa bado na nguvu, mlima umekaa nyuma ya mji kama mtu anayesoma gazeti lako begani. Badala ya kuuendea tukaingia Namatala, kwenye vibanda vilivyoegemeana, tukasimama kwa dada yake Anko Mafabi. Yeye aliolewa na Mwislamu, anaitwa Hadija, na mitungi ilikuwa yake.

Wakishusha, nilifungua mmoja nikatia pua ndani.

"Wewe mutoto! Unanusa nini kama mbwa ya polisi?"

"Naangalia kama imeoshwa, Shangazi."

"Imeoshwa. Ni ya mafuta ya kupikia. Unataka kukaanga pua yako?"

Akatupa chai ya maziwa yenye iliki na sambusa za njegere. Baba alikunywa chai hadi birika likalia tupu. Nikaanza kujisikia mpelelezi asiye na kazi, na kidole changu kikawa tayari kuandika 'jua'. Ndipo Shangazi akamgeukia Baba kwa sauti ya upole:

"Afande, huko juu kula vizuri kwanza. Mama atakupikia malewa. Hakuna mutu anapika malewa kama mama."

Atakupikia! Enyi wenzangu, pombe hufanywaje? Si hupikwa? Nikarudisha kidole mfukoni.

Juu ya Budadiri, chungu kinatokea

Lori liliishia Budadiri, mguuni mwa mlima. Kutoka hapo tulipanda kwa miguu, kati ya kahawa na migomba, njia ikiteleza kama sabuni iliyolowa. Wenyeji walitupita na mizigo kichwani wakisema "Mulembe", nami nikajibu "Mulembe" kwa pumzi iliyobaki.

Mama yake Anko Mafabi ni mwembamba kama ufagio na macho yake yanafagia pia. Kila mtu anamwita Kukhu, yaani bibi. Alimshika Baba mikono yote miwili, akaishikilia muda mrefu, wakatazamana kama watu wenye siri. Mimi alinipa muhogo na kunionyesha kigoda kilichokuwa mbali. Mbali makusudi, nilijua.

Kabla jua halijazama, wazee wa jirani wakaanza kuingia mmoja mmoja. Kisha Kukhu akatoa chungu.

Sikukosea. Chungu, maji ya moto ya kuongezea, harufu ile ya ulezi uliochacha ninayoifahamu tangu nikiwa mgongoni. Mirija ikashushwa kutoka darini, kila mzee na wake. Kukhu akachagua mmoja uliofungwa uzi mwekundu, akauchovya chunguni kwa mkono wake mwenyewe, akampa Baba ncha ya juu. Baba akaiweka mdomoni. Mashavu yakaingia ndani.

Nilisimama mlangoni, muhogo mkononi. Nilitaka kufanya mzaha na sikuupata. Nilikuwa naona begi.

Kijiji hicho hakina mtandao isipokuwa juu ya jiwe moja nyuma ya zizi, ambapo watu hupanda kupiga simu na kila mtu hapo chini husikia habari za ukoo wao. Nilipanda, nikainua simu kama mtu anayeomba baraka, nikaandika: MVUA.

Jibu likaja kabla sijashuka: "Sawa."

Neno moja, lina nukta. Mama yangu hajawahi kuweka nukta kwenye ujumbe maishani mwake.

Ndani ya msitu

Asubuhi tulipanda kwenda msituni, mbele yetu mlinzi wa hifadhi mwenye bunduki, nyuma yake Anko Mafabi na panga, halafu Baba, halafu mimi na dhamiri yangu. Baba alikuwa mzima kabisa. Hakuwa na macho mekundu, hakushika kichwa, alipiga hata mluzi. Nikashuku: huenda malwa ya mlimani hufichama.

Mahali fulani mlima ulisimama wima, tukaupanda kwa ngazi za miti zilizofungwa kwenye mwamba. Baada ya hapo jua likaishia. Miti ilikuwa na ndevu za kijani mpaka matawini, maji yakidondoka kutoka kwenye majani hata mvua isiponyesha. Mbega walikaa juu na makoti yao meusi yenye nywele nyeupe, wakitutazama kama mahakimu ambao kesi yetu wameshaisikia. Siafu walikata njia, tukawaruka. Kila nilichoshika kilikuwa na unyevu, na nusu yake ilikuwa hai.

Kisha ikanyesha mvua ya kweli. Nikachuma jani pana nijifunike kichwa.

"Hiyo hapana!" Anko Mafabi akapiga kelele, lakini sikio langu lilikuwa limeshaonja. Lile jani lina miba midogo kama nywele, na kila unywele ni sindano ya daktari mwenye hasira. Haya, andazi lenu ndilo hilo. Nilirukaruka kwenye matope, mlinzi akacheka mpaka akaegemea bunduki. Baba alinishika kichwa, akanisugua kwa udongo wa baridi, akinipulizia kama nilipokuwa mdogo. Pumzi yake ilinigonga usoni. Ilinuka muhogo na chai. Muhogo na chai tu.

Hapo nilianza kuogopa, kwa sababu mtu anayeshuku hupenda kuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimeshatuma.

Tukaingia kwenye mianzi. Ilisimama kwa maelfu, ikilia kwa upepo kama milango ya nyumba kuukuu. Anko Mafabi akainama, akatupa panga chini.

"Afande, fika! Malewa yako hii hapa!"

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. "Chungu kiko wapi?"

"Chungu gani?"

"Cha malewa."

Wote watatu wakanitazama. Anko Mafabi akaokota kitu kutoka ardhini, akakileta hadi puani mwangu: pembe ya kahawia, imevaa maganda yenye manyoya, iliyochipua kutoka kwenye shina la mwanzi. Akaimenya. Ndani ilikuwa nyeupe.

"Malewa ndiyo hii, kijana. Mutoto ya mwanzi. Unakausha na moshi, unapika na karanga. Wewe ulidhani nini?" Kisha akaelewa, na kicheko chake kikawahamisha mbega mti mzima. "Malwa! Hii mutoto alidhani malwa! Afande, eti ulipanda mulima yote kufuata pombe ya msituni!"

Baba hakucheka. Aliokota panga akaanza kukata machipukizi, moja baada ya jingine, akiyapanga vizuri kama viatu vya gwaride. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Mama yako ndiye alikutuma?"

Nikasema sikio linaniuma sana.

Neno lilikuwa limetakata. Lakini mrija niliuona kwa macho, na mrija hauna irabu ya kuongeza.

Mrija wenye uzi mwekundu

Tuliporudi, wakubwa walibaki nje wakiwasha moto wa kukaushia. Mimi niliingia ndani. Chungu cha jana kilikuwa pembeni na kilikuwa na kitu chini. Nikashusha mrija wenye uzi mwekundu. Nilitaka ushahidi. Sawa, nilitaka pia kuonja, ila ushahidi mzuri huonjwa.

Nikavuta. Hakuna.

Nikavuta tena, kwa nguvu ya mtoto wa kambi. Mashavu yaligusana ndani ya mdomo, sikio bovu likapiga ngoma. Hata tone.

"Vuta, mujukuu." Kukhu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Vuta mpaka kesho."

Akaja, akachukua mrija, akaugeuza. Ile ncha ya chini, yenye kichujio cha nyuzi, ilikuwa imezibwa kwa nta ya nyuki, imebonyezwa vizuri kwa kidole gumba.

"Mirija ya wengine inasema," akaniambia. "Hii ni bubu. Mume wangu pia alikuwa nayo. Daktari alimukataza pombe, lakini mutu hapana kaa kwa chungu bila mrija. Ni kama anasema, nyinyi mumeweka sumu. Watu watanyamaza. Sasa nikaziba yake, akakaa, akaongea na watu mpaka alikufa."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Sijui tangu lini.

"Pombe niliiacha, Otim," akasema. "Watu ndio walionishinda kuacha."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Tangu kofia ipotee, Baba hutoka kazini na kukaa kwenye kiti kimoja, akiiangalia televisheni iliyozimwa. Sisi tulidhani amepona.

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba naenda kukaa kwenye chungu na mrija mdomoni, lakini asiwe na wasiwasi?"

Hapo alikuwa na hoja.

"Baba, nilimtumia Mama ujumbe."

"Ujumbe gani?"

"Mvua."

"Si imenyesha kweli?"

"Si hiyo mvua."

Nilimweleza. Mkono wake uliinuka hadi usawa wa sikio langu, ukaliona lilivyo, ukashuka. Nimewaambia kwamba mmoja wenu alikaribia.

Kurudi, bila kula

Juu ya jiwe nilituma JUA. Nikatuma tena. Nikapiga, simu ya Mama imezimwa. Baba naye akapiga, kijiji chote kikiwa chini kimeinua nyuso. "Mwanamke amekasirika?" mzee mmoja akauliza. "Amekasirika," wengine wakamjibu kwa niaba yetu.

Yale machipukizi yetu yalikuwa bado mabichi, kwa hiyo Kukhu aliteremsha yake kutoka juu ya moto, meusi kwa moshi, akayafunga kwa kamba ya mgomba. Juu yake akachomeka mrija wenye uzi mwekundu. Tulitelemka Budadiri mbio, na safari hii lori lilishika njia ya Tirinyi. Tulipita ndizi gonja za kuchoma, tukapita kuku wa kuchoma wanaoning'inizwa madirishani, tukapita na mananasi, na hakuna aliyesema simama. Anko Mafabi alijaribu wimbo mmoja akauacha katikati.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango. Begi lilikuwa karibu na mguu wake, limejaa. Dada yangu alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Ulizima simu," Baba akasema.

"Niliona mvua. Radi hupiga simu." Hakumtazama. "Sikuondoka kwa sababu mimi siondoki kwa ujumbe. Nilitaka kukwambia mbele ya uso wako. Otim, mvua au jua?"

"Jua, Mama. Jua kali. Malewa ni mianzi! Inaliwa na karanga!"

"Amekufundisha kusema hivyo?"

Baba akaweka mzigo miguuni pake, akafungua kamba. Mama akanusa malewa, akanusa shati la Baba, akamnusa mdomo hapohapo nje, majirani wakiangalia. "Moshi," akasema. Kisha akauona mrija, na uso ukafunga.

"Na huu ni wa kupikia karanga?"

Baba alinigeukia. Mimi ningeweza kueleza, lakini neno langu lilikuwa limeshamgharimu Mama siku nzima. Nikaingia ndani, nikaleta kikombe cha maji, nikachovya ncha ya mrija, nikampa Mama ncha ya juu.

Alinitazama kama mtu anayechagua wa kuanza kumpiga. Akavuta. Akavuta tena. Mashavu yakaingia ndani, macho yakamtoka kidogo, maji hayakusogea. Akageuza mrija, akaikwaruza nta kwa ukucha, akaiangalia ile alama ya kidole gumba cha mtu mwingine.

"Na unakaa na watu hivi?" akamwuliza Baba. "Umeshika hii kitu mdomoni?"

"Nakaa."

"Saa nzima?"

"Mpaka hadithi ziishe."

Dada yangu akaanza kuvua viatu. Mama aliendelea kuushika mrija, akiugeuza, kisha akaniambia bila kunitazama, "Otim, nenda toa nguo zangu kwenye begi. Halafu ukaombe karanga kwa jirani."

Nilitoa gauni moja moja. Chini kabisa, chini ya kitenge chake kipya, ilikuwepo kofia ya kijani ya Baba, imefuliwa na kukunjwa. Niliigeuza huku na huku. Hakuna panya aliyeigusa.